Skimu na Mpango

Maneno ya kigeni huingia katika lugha kama wageni: wengine hubisha hodi, wengine huja na serikali. "Skimu", neno tulisikialo kila panapotajwa kilimo cha umwagiliaji, ni mgeni wa namna ya pili. Yafaa tumwulize kwao ni wapi.

Chimbuko lake ni neno la Kiyunani, skhema, lenye maana ya sura au umbo la kitu. Lilipitia katika Kilatini, likafika Uingereza likiwa "scheme". Huko liliwahi kutaja tamathali za usemi, kisha michoro ya nyota ya wanajimu. Katika karne ya 17 likapata maana ya mpango wa kazi, na baadaye ile ya hila. Hata leo Mwingereza hulitumia kwa mradi wa serikali bila ya kutia shaka, hali Mmarekani alisikiapo hunusa ulaghai.

"Mpango" wetu una nasaba nyingine. Kupanga ni kuweka vitu kwa taratibu, kimoja baada ya kingine. Mchora sura aweza kukaa mbali. Mpangaji hana budi kuvishika vitu vyenyewe, na akikosea, lugha imemwekea kitenzi cha kupangua.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha skimu ya karanga katika Tanganyika: Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Karatasini sura ilipendeza, ekari zaidi ya milioni 3. Ardhini, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua hazikutosha, jambo ambalo Wagogo hawakuhitaji kuambiwa na mtaalamu. Mwaka 1951 mradi uliachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Mwaka 1969, akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake jina "Kupanga ni Kuchagua". Jina hilo lafichua lile ambalo skimu hulifunika: kwamba yuko mtu achaguaye. Lakini neno zuri si kinga. Katika miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa amri, nasi tuliendelea kuita jambo hilo mpango.

Kwa hiyo tusimfukuze mgeni. Ila kila tuandikapo "skimu", au hata "mpango", tuulize: wenye mashamba walichagua nini? Pasipo jibu, tulicho nacho ni sura tu.