Heko Wachoraji wa Bahari

Wachoraji wa pwani ya Maine, Marekani, wanastahili pongezi. Mnara wa taa umesimama, unakusubiri. Edward Hopper aliuchora ule wa Two Lights mwaka 1929, mweupe juu ya kilima, na bahari hata haionekani. Maji, tofauti na mnara, hayamsubiri mtu. Winslow Homer alihamia Prouts Neck, kwenye pwani hiyohiyo, mwaka 1883, akaishi jirani na miamba inayopigwa na mawimbi hadi alipofariki 1910. Katika picha yake "Northeaster" ya 1895 alichora watu wawili wamejikunyata mwambani. Baadaye akawafuta kwa rangi, akalikuza povu linaloruka. Litazame wimbi lenyewe: kijani kinachopenywa na mwanga, juu yake weupe mzito. Alithubutu kweli, kuwaondoa watu ili maji yapate nafasi!