Mwenda peke yake, Mwenda na bendi

Bandugu, kila mara tukianza masolo ju ya muziki, promotion yetu inagawanyika pande mbili. Kuna watu wa Franco na kuna watu wa Fally. Katanga inabaki mlangoni, sawa mgeni hana kiti. Leo nataka kuongea ju ya mtu wetu wa Likasi, Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke. Sikuji kumusifu bule, masifu alishapata mingi. Nataka tubishane ju ya diski zake: ipi ni ya kusikiliza kwanza na ipi inaweza kungoja.

Wapenzi wa rock ya zamani wana tabia moja nzuri. Beatles walipoachana mwaka 1970, wao hawakuishia kulia. Walichukua albamu za McCartney, za Lennon, za Harrison, wakaziweka mezani na kuulizana: huyu akibaki peke yake, anabaki na nini? Kwa Mwenda swali hilo linageuka, ju yeye alianza peke yake. Bendi ilikuja nyuma.

Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Kwetu Mwadingusha mwaka huo hausahauliki, ni mwaka ule ule mashine za bwawa kwenye Lufira zilianza kutoa umeme. Umeme ulikwenda kwa shaba. Mwenda yeye hakuuhitaji: alikuwa na gitaa kavu na vidole viwili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mtu wa Afrika Kusini aliyezunguka na mashine ya kurekodi, alimukuta hapa Likasi, wakati ule Jadotville, na akamurekodi "Masanga" na "Bombalaka". Kampuni ya Gallo ikatoa diski zake, na "Masanga" ikafika mbali kuliko mtu yeyote wa Jadotville alivyowaza.

Tusikilize vizuri kinachofanyika mle. Kidole gumba kinatembea kwa nyuzi za chini, hakisimami, hakina haraka. Kidole cha shahada kinajibu juu, na mara nyingi kinajibu pale usipokingojea. Matokeo yake unasikia watu wawili. Wapo wataalamu waliokaa chini kuandika kila nota: David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu ju ya gitaa la Mwenda katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini sauti wameiacha nyuma, na kwangu hapo njo kuna kosa. Katika "Bombalaka" sauti ya kijana yule inapanda juu ya gitaa bila kulifuata, sawa mtu anaita ndugu yake ngambo ya mto. Wageni wanapenda "Masanga" ju ya vidole. Mimi nikiambiwa nichague moja, nachukua "Bombalaka".

Tena kuna jambo la wakati. Diski ya zamani ile, ya mizunguko 78, upande mmoja unabeba karibu dakika tatu tu. Mpigaji anajua: ikifika pale, imekwisha. Ule ukali tunaousifu katika nyimbo za 1952, nusu yake ni ufundi wa Mwenda, nusu ni haraka ya diski. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema Mwenda wa kweli aliishia miaka ya hamsini.

Kiisha akaenda Nairobi, mwaka 1959, akapiga redioni kwa matangazo ya dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alifika kule, akaimba ju ya Coca-Cola. Usicheke. Vijana wa Kenya walijifunza gitaa kwa kusikiliza vitu hivyo, na waliimbiwa kwa Swahili yetu hii hii, Swahili wanayotuambia darasani kwamba imevunjika. Hakuna aliyewaomba Mwenda na Masengo wainyooshe kwanza.

Kwa Masengo nina maoni ambayo yatawakasirisha wazee wa Lubumbashi. Peke yake ni mtamu lakini mwepesi: anatabasamu katika kila wimbo, na gitaa linamufuata tu kwa adabu. Mpe sauti za wenzake, zile za JECOKE, vijana wa commune Kenya, na mara anakuwa mtu mwingine, anachezea maneno, anaacha nafasi wenzake wamujibu. Mwenda ni kinyume chake kabisa. Baadaye aliongoza bendi ya gitaa za umeme, na katika bendi anapotea. Mtu ambaye ni watu wawili, ukimuwekea mpiga besi, umemunyanganya kidole gumba. Kinachobaki ni muziki wa kucheza, mzuri wa Jumamosi, ambao bendi kumi zingeweza kupiga.

Alipofika Newport, Marekani, mwaka 1969 kwa ile festivali ya folk, ni ule upigaji wa gitaa kavu njo uliomufikisha pale.

Sasa, albamu ninayoipigania: ile aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, ambayo Rounder waliitoa Marekani mwaka 1994. Watu wengi wanaipita, wanasema mzee anarudia nyimbo zake. Ni kweli anarudia. Lakini hapa hakuna diski ya dakika tatu inayomusukuma. Sauti imeshuka, imekuwa nzito, haipandi tena mahali ilipopanda zamani, na yeye haijifanyizi. Pale kijana alipiga mbio, mzee anangoja, na unasikia kidole kikigusa uzi. Mtu wa Kinshasa akisikia jina "Masanga" anawaza pombe, ju kwa Lingala njo maana yake. Kwetu tunawaza masanga-njia, pale njia zinakutana. Mimi njia zile nilizisikia kwa hakika paka katika upigaji wa uzeeni. Miaka miwili nyuma, 1990, alikufa kwa ajali ya gari Zambia.

Kwa hiyo mpangilio wangu: anza na 1988, usiku, simu ikiwa na chaji. Kiisha rudi 1952. Kampuni SWP imekusanya rekodi za Tracey za kusini mwa Congo na kaskazini mwa Zambia katika diski moja, na mle utamusikia Mwenda pamoja na watu kama Ilunga Patrice na Misomba Victor, ambao majina yao hayako kwenye barabara yoyote ya Likasi niliyopita. Bendi iache mwisho.

Tena jambo moja. Diski za Masengo za Nairobi ni shida kupata. Kama kwa babu yako kuna kasha la diski za zamani chini ya kitanda, usimuuzie mtu anayepita na gari. Niandikie kwanza, nitakuja na pikipiki.