Vigae vya São Bento kwa Macho ya Mombasa

Tuseme ukweli kwanza: ukumbi wa stesheni ya São Bento, mjini Porto, Ureno, ni mzuri. Mzuri wa kukufanya ukose treni. Takriban vigae 20,000 vimefunika kuta za stesheni hii iliyofunguliwa rasmi mwaka 1916, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa. Mchoraji, Jorge Colaço, alijua kulituliza jicho: buluu na nyeupe kwa sehemu kubwa, halafu huko juu mkanda wa rangi unaosimulia jinsi binadamu alivyosafiri hadi akafikia garimoshi.

Picha inayonishika zaidi ni ya Egas Moniz. Amekwenda mbele ya mfalme wa León na mkewe na watoto, kamba shingoni, tayari kufa kwa sababu ahadi aliyoitoa imevunjwa na bwana wake. Hapa Colaço anaiachia aibu izungumze, na inazungumza.

Sasa tazama Ceuta, mwaka 1415. Mwanamfalme Henrique amepewa fahari yote. Wamoroko wamepewa kazi moja tu, kushindwa. Hapo ndipo ninapogombana na mchoraji. Colaço mwenyewe alizaliwa Tangier, si mbali na Ceuta. Hata neno azulejo, jina la vigae hivi, lina asili ya Kiarabu. Yaani sanaa iliyotoka kwa walioshindwa ndiyo inayompamba mshindi, na ukuta haudokezi lolote. Aliyeweza kuchora aibu ya Moniz angeweza pia kumpa Mmoroko mmoja uso wa mtu.

Utaniuliza, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Miaka 83 baada ya Ceuta, Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Mwaka 1593 ikaanza kujengwa Fort Jesus. Ukuta wa Porto ni sura ya kwanza ya kitabu ambacho sisi tumo ndani yake.

Sitaki vigae hivyo vibanduliwe, la. Nataka visomwe, si kupigwa picha tu na watu wanaokimbilia treni. Nasi tunayo kumbukumbu yetu ya Wareno, haikuchorwa popote, imo mdomoni: igreja, neno lao la kanisa, ndilo lililotupa gereza.