Nyumba na Nyumbani katika Riwaya ya Naipaul

Mhusika mkuu wa A House for Mr Biswas, riwaya ya V. S. Naipaul iliyotolewa mwaka 1961, ni mwandishi wa gazeti mjini Port of Spain, Trinidad. Anafariki akiwa na miaka 46, akiacha mke, watoto wanne, na nyumba ambayo deni lake halijalipwa. Nyumba yenyewe ina kasoro tele: madirisha mengine hayafungiki, nguzo za ngazi zimeoza, jua huipiga vikali. Msomaji mwenye haraka atahukumu kwamba bwana huyu ameshindwa maishani.

Sisi hatuafiki. Naipaul anazitaja kasoro hizo tangu utangulizi, wala hazipunguzi. Lakini Biswas amekaa miaka mingi kwa wakwe zake, akila chao na kudharauliwa. Sasa mapazia yanaificha ngazi, bustani inapandwa, na watoto wanapazoea mahali pale hata waone kana kwamba hawakupata kuishi kwingineko. Uzuri umetokana na kukaliwa. Kiswahili chalieleza hilo kwa kiambishi kimoja: fundi hujenga nyumba, wakaaji huifanya nyumbani.

Lawama yetu ni moja. Msimulizi amemkaribia mno Biswas, hata kazi ya kila siku ya Shama, mkewe, haikupewa nafasi iliyostahili. Mwalimu atakayeifundisha riwaya hii na awaulize wanafunzi wake: ni nani hasa aliyeifanya nyumba ile kuwa nyumbani?