Fumbo, Taharuki na Uhalifu: Kuhusu Tanzu za Riwaya Zinazoitwa za Upelelezi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno "upelelezi" limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla huitwa riwaya ya upelelezi. Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla vilevile. Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba vilevile. Mwanafunzi akikutana na Benni Kamba wa David Maillu, humwita naye mpelelezi, ingawa kazi ya huyo si kufumbua bali ni kuzuia. Matokeo yake ni kwamba vitabu hivi hupimwa kwa mizani moja, na kila kimoja huonekana kupungukiwa na kile ambacho hakikukusudia kuwa nacho. Abdulla hulaumiwa kwa kukosa siasa. Musiba hulaumiwa kwa kukosa fumbo. Maillu hulaumiwa kwa yote mawili.

Makala haya yanadai kwamba tofauti baina ya riwaya hizi haiko katika wingi wa damu wala katika kasi ya matukio. Iko katika mahali swali kuu lilipowekwa, na katika nani aliyepewa haki ya kulijibu.

Tzvetan Todorov, katika insha yake ya 1966 juu ya tanzu za riwaya ya polisi, alionyesha kwamba riwaya ya fumbo hubeba hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla ya uchunguzi kuanza, na hadithi ya uchunguzi wenyewe. Katika riwaya ya taharuki hadithi ya kwanza hufifia, nasi tunavutwa na lile ambalo bado halijatokea. Msomaji wa fumbo anauliza: nani alifanya? Msomaji wa taharuki anauliza: je, wataokoka? Mgawanyo huu ni mzuri, nami niliupokea kwa furaha nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo. Lakini ulitungwa kwa kutazama vitabu vya Ulaya na Marekani, mahali ambapo swali la nani mwenye haki ya kujibu lilionekana kama limekwisha jibiwa. Kwetu halijajibiwa, na ndipo tanzu zinapoachana.

Tuanze na Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, inamweka maiti mahali pa tambiko. Watu wana jibu lao tayari: ni kazi ya mizimu. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, anakuja kulipinga jibu hilo kwa hoja. Wengi wameona kwamba Sherlock Holmes yumo katika umbo la mtu huyu, nao hawakukosea, ila kufanana huko kusitufiche lililo la maana zaidi. London ya Holmes ni mji wa wageni wasiojuana, na Holmes husoma alama za viatu na majivu ya sigara kwa sababu hakuna mtu wa kumuuliza. Unguja ya Abdulla ni kisiwa cha watu wanaojuana mno. Siri zake mara nyingi ni siri za nasaba: nani ni mwana wa nani, nani aliolewa na nani kabla ya nani. Ushahidi hauko chini ya kiatu. Uko katika maneno ya watu, katika lile walilolisema nusu na kulimeza nusu. Kwa hiyo polisi wapo, lakini jibu hutoka kwa raia mwenye akili na masikio. Mamlaka ya fumbo ni mamlaka ya jamii inayojisoma yenyewe.

Willy Gamba wa Musiba ni kiumbe wa mji mwingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na katika mji huo adui hakuwa jirani. Alikuwa utawala wa makaburu na mawakala wake. Katika Kufa na Kupona na katika Kikosi cha Kisasi (1979) hatukai gizani juu ya nani mwovu. Tunahofia tu kwamba mwovu atatangulia. Anayejibu ni dola, kwa mkono wa mtumishi wake aliyekula kiapo. Hapa ndipo wahakiki wanapodai kwamba tabia za wahusika hazina kina. Kweli hazina. Lakini ukimpa jasusi wa taharuki moyo wenye mashaka mengi, utakuwa umeanza kutunga riwaya nyingine. Kasoro ya kweli ya utanzu huu ni nyingine, nayo haitajwi sana: taharuki huzeeka pamoja na adui yake. Tangu 1994 msomaji kijana anahitaji kuelezwa hatari ilikuwa nini kabla hajaanza kuogopa. Bwana Msa hahitaji maelezo ya namna hiyo.

Simu ya Kifo imesimama katikati, na kwa sababu hiyo ni kitabu chenye manufaa makubwa kwa mwalimu. Tunamtafuta muuaji, kwa hiyo tuko katika fumbo. Lakini simu ikilia tunajua kwamba mtu atakufa, na kila inapolia tunaacha kuuliza nani na kuanza kuuliza nani tena. Anayefuatilia ni inspekta, mtu wa ofisi na faili. Katalambulla ameweka maswali mawili katika kitabu kimoja na hayakugombana. Nakiona kuwa kigumu kutunga kuliko kinavyosifiwa.

Utanzu wa tatu, riwaya ya uhalifu hasa, hauulizi nani wala je. Unauliza: ilikuwaje mtu huyu akafika hapa? Nchini Kenya mfano wake unaojulikana zaidi uliandikwa kwa Kiingereza, nao ni My Life in Crime (1984) ya John Kiriamiti, aliyeiandika akiwa mfungwa. Hapa hakuna wa kujibu kwa niaba ya jamii. Mhalifu anajisemea mwenyewe, nasi tunamsikiliza bila hakimu kati yetu. Kwa Kiswahili utanzu huu umejificha ndani ya vitabu ambavyo hakuna anayeviita vya upelelezi. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi anaua na kunyongwa, nasi tunakisoma kitabu hicho darasani kama riwaya ya falsafa na siasa. Ni hivyo, na vilevile ni riwaya ya uhalifu, na heshima yake haipungui kwa kuitwa hivyo.

Sasa niingie katika milima ya Kilungu, ambako mji wa Nunguni umekaa juu ya ukungu wake, na ambako swali hili linanihusu kwa karibu. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939. Ni yeye aliyempa msomaji wa Afrika Mashariki jasusi mwenye nambari: Benni Kamba 009, katika The Equatorial Assignment (1980) na Operation DXT (1986). Ian Fleming anaonekana waziwazi, na nambari yenyewe ni utani kwa 007. Hata hivyo tofauti moja ni kubwa. James Bond anamtumikia malkia wake na Willy Gamba ni mtu wa Tanzania. Benni Kamba anaitumikia Afrika nzima, yaani dola ambayo haipo. Mwandishi wa taharuki lazima awe na dola ya kuiamini. Maillu alipoihitaji aliibuni, tena kubwa kuliko zote, kisha akampa mtumishi wake jina la kabila lake mwenyewe. Wanaokicheka kitabu hiki kwa kukosa uhalisi wangejiuliza ni Kenya ipi ya 1980 ambayo Maillu angeitegemea badala yake.

Lakini kwa nini taharuki, na si fumbo? Mazingira ya Kilungu yanafanana na Unguja ya Abdulla kuliko Dar es Salaam ya Musiba. Ni vilima vya koo zinazojuana, mashamba ya matuta yanayopakana, na kumbukumbu ndefu juu ya nani alihamisha mpaka wa nani. Kuna hata mahali pa tambiko, ithembo, ambapo maiti ikikutwa asubuhi watu hawatakosa jibu.

Jibu langu ni kwamba Wakamba walikuwa na upelelezi wao, nao ulikuwa wa taharuki. Namaanisha kithitu, kile kiapo kizito ambacho D. J. Penwill alikieleza katika kitabu chake cha 1951 juu ya sheria za kimila za Wakamba. Kesi iliyokosa ushahidi haikufumbuliwa kwa hoja. Mshtakiwa aliapa, kisha watu walingoja. Aliyeapa uongo angefikwa na kifo, yeye au mtu wa jamaa yake. Tazama mpangilio wake: swali la nyuma, nani alifanya, limegeuzwa kuwa swali la mbele, nani atakufa. Kila mtoto anayeugua katika muda huo ni ishara. Hakuna Bwana Msa anayehitajika, kwa sababu wakati wenyewe ndio mpelelezi. Sisemi kwamba Maillu aliandika akikikumbuka kithitu. Nasema kwamba msomaji aliyelelewa katika kungoja kwa namna hiyo ana mazoea ya taharuki ambayo wahakiki wa mijini huyaita uchu wa msisimko.

Riwaya ya fumbo ya Kiswahili kutoka Nunguni, kwa hiyo, ingepaswa kufanya kazi mbili ambazo Abdulla hakulazimika kuzifanya. Kwanza, ingehitaji mtu wa kuuliza pale ambapo wenzake wameamua kungoja, na mtu huyo hatapendwa. Yeye ndiye atakayeonekana mkorofi, si muuaji. Pili kuna suala la lugha, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi. Fumbo la Abdulla limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno lenye maana mbili likisemwa barazani, msomaji amelisikia kama Bwana Msa alivyolisikia, na kama hakulielewa kosa ni lake. Kilungu neno hilo litasemwa kwa Kikamba. Mwandishi akilitafsiri kwa uaminifu, ameitoa siri mapema. Akilitafsiri nusu, amemdanganya msomaji, na sheria ya kwanza ya utanzu huu ni kwamba msomaji apewe dalili zote alizopewa mpelelezi. Njia moja ninayoiona ni mkalimani awe mhusika, asimame kati ya inspekta mgeni na mama mzee anayetoa habari, na tafsiri yake iwe miongoni mwa vitu vinavyochunguzwa.