Mississippi Masala: walioshangilia wako wapi?

Mwezi uliopita tuliangalia Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, kwenye chumba kimoja hapa Nsambya. Wengi tulikuwa Wakongomani, na Warundi kidogo, na wafanyakazi wawili wa shirika waliokaa nyuma.

Hadithi inaanza hapahapa Kampala. Ni 1972, Idi Amin amewapa Wahindi siku 90 waondoke. Jay, mwanasheria aliyezaliwa Uganda, anafunga mizigo na mkewe Kinnu na binti yao Mina. Okelo, rafiki yake tangu utoto, ndiye aliyemtoa kifungoni, na ndiye anayemwambia neno chungu: sasa Afrika ni ya Waafrika weusi. Jay anaondoka bila kumuaga. Njiani kwenda uwanja wa ndege askari wanamshusha Kinnu kwenye basi. Hapo chumba chetu kilinyamaza kabisa. Kila mtu pale ana bariyeri yake anayoikumbuka.

Uzuri wa filamu ni kwamba haiishii kwenye machozi hayo. Miaka 18 baadaye, kule Mississippi, Mina anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia. Jay anakataa. Yaani mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya rangi anamfundisha mwanawe kwamba kila mtu abaki na wa kwake. Wahindi wenye moteli nao wanamnyima Demetrius kazi. Mira Nair ameona jambo ambalo sisi wakimbizi hatupendi kulisikia: kuonewa hakumfanyi mtu awe mwema.

Lakini nina ugomvi na filamu hii. Ubaya wote wa 1972 imemwachia Amin na askari wake. Raia walioshangilia hawaonekani. Na walikuwepo: ile amri ilipendwa na watu wengi.

Kwa nini? Serikali ya kikoloni ilimweka Mhindi katikati, kati ya mkulima na soko la dunia. Mkulima aliyeleta pamba alimwona Mhindi kwenye mizani. Waliopanga bei kule mbali hakuwaona. Hasira hukamata sura iliyo karibu. Huko Ulaya Wayahudi walifanyiwa hivyo kwa karne nyingi. Sehemu nyingi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, wakaachiwa biashara na kukopesha pesa, halafu wakaitwa wanyonyaji.

Amin mwenyewe aliziunganisha chuki hizi mbili. Septemba 1972, Wahindi wakiwa kwenye foleni za karatasi za safari, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuua Wayahudi milioni 6. Sasa jiulize, Wayahudi wa Uganda walikuwa nani? Ni Abayudaya wa karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wakulima wa kahawa na ndizi! Walikuwa wamemnyonya nani? Hata hivyo Amin alipiga marufuku dini yao. Chuki ilikuwa na hadithi yake tayari, ilitafuta tu mtu wa kumvisha.

Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyepoteza familia yake katika vita ile, alifanya jaribio Uingereza karibu na mwaka 1970. Aliwaambia vijana wa shule kwamba amewagawa makundi mawili kulingana na mchoraji wanayempenda. Kila mmoja alijua kundi lake tu, si la wenzake. Alipowapa kazi ya kugawa pesa, walipendelea kundi lao. Tena mara nyingi walikubali wenzao wapate kidogo, mradi wale wengine wapate kidogo zaidi. Ndivyo "sisi" inavyozaliwa upesi.

Mimi ni wa Uvira. Nilikua nikisikia kwamba Banyamulenge warudi kwao Rwanda, na nilisema hivyo mwenyewe, wakati hakuna Munyamulenge hata mmoja aliyenikosea. Agosti 2004, ng'ambo ya mpaka kule Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Sikuua mtu. Lakini nilikuwa nyumbani kwa watu ambapo mmoja alisema, "Si walitafuta wenyewe?" Nikanyamaza, nikaendelea kula.

Hata leo kwenye foleni nasikia: "Wale ndio wanapelekwa ng'ambo, wana mtu wao ofisini." Ni hadithi ileile. Ninyi wa mashirika, mkibandika orodha ya majina bila kueleza yamechaguliwa vipi, sababu tutaitunga wenyewe, na itakuwa na kabila ndani.

Kwa hiyo iangalieni filamu hii, hata kule Nakivale, lakini baada yake msiulizane nani alitutenda nini. Huo mjadala tunaujua. Ulizaneni tulisema nini juu ya wengine, na tulinyamazia nini.

Baada ya filamu mama mmoja Munyamulenge alisema juu ya Okelo, "Huyu angalau alikuja kusema mwenyewe." Jay anaporudi Kampala mwishoni, Okelo amekwisha kufa zamani. Yule mama alikuwa amekaa viti vitatu kutoka kwangu. Nikamsindikiza mpaka steji ya boda, nikamwambia kile nilichonyamazia 2004. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza tu wakati ule nilikuwa na miaka mingapi.