Kamusi ya Mwaka 1903 na Swali la Ugeni wa Kiswahili

Kila mwaka wanafunzi wetu hutuletea swali moja kwa sura mbili. Wale wa Gitega huuliza kwa nini wasome lugha ya wageni. Wenzao wa Muyinga, waliokua wakikisikia Kiswahili sokoni na kwenye mpaka wa Kobero, huuliza kwa nini lugha wanayoijua tangu utoto ihesabiwe kuwa ya Waislamu na wachuuzi tu. Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kupitia kitabu kimoja cha zamani ambacho hutajwa kwa nadra madarasani.

Kitabu chenyewe ni kamusi ya Kifaransa na Kirundi iliyotungwa na J. M. M. van der Burgt, padri Mholanzi wa shirika la Mapadri Weupe, ikachapwa Bois-le-Duc, Uholanzi, mwaka 1903. Mtungaji alihudumu Muyaga, misheni iliyofunguliwa mwaka 1898 mashariki mwa nchi. Tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025, Muyaga na Muyinga zimo katika mkoa mmoja wa Buhumuza.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba lugha zilizomo si mbili bali nne. Kando ya Kifaransa na Kirundi, maana zimedokezwa pia kwa Kiswahili na Kijerumani, na humo zimeingizwa makala 196 kuhusu maisha na desturi za Warundi. Kijerumani kilikuwa lugha ya watawala; Kiswahili kilikuwa lugha ambayo watawala hao waliitumia kuendeshea shughuli za koloni. Kwa hiyo, miaka tisa kabla Wajerumani hawajaweka kituo chao Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchapwa ubavuni mwa Kirundi.

Jambo la pili limo katika jina la kitabu. Nchi inaitwa "Urundi" na watu wake "Warundi". Mrundi anapozungumza lugha yake husema "Uburundi" na "Abarundi". Viambishi u- na wa- vilivyo hapo ni vya Kiswahili, kama katika Unyamwezi na Wanyamwezi. Wazungu waliyapata majina hayo kwa watu wa misafara. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, naye aliandika "Urundi". Wabelgiji wakaendelea nayo katika "Ruanda-Urundi" hadi uhuru wa mwaka 1962. Basi kamusi iliyokusudia kuieleza lugha ya Warundi iliwaita wenyewe kwa sarufi ya Kiswahili.

Hata hivyo, tusiisifu kamusi hii kupita kiasi. Kasoro yake kubwa ni mwelekeo. Inaanza na Kifaransa, kwa hiyo mlango wake umefunguliwa kwa mmisionari anayetafuta neno la kuwaambia watu, wala si kwa Mrundi anayetaka kueleza neno lake. Makala zile 196 zinapunguza upungufu huo, kwa kuwa zinatoa nafasi kwa mambo ambayo Kifaransa hakina neno lake, lakini haziuondoi. Ilipotoka kamusi ya F. M. Rodegem huko Tervuren mwaka 1970, Kirundi kilitangulia na Kifaransa kikafuata. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila katika mpangilio huo Kiswahili hakikuwa na safu tena.

Je, mwanafunzi wa Gitega amekosea? Kwa sehemu amesema kweli. Kiswahili kilifika kwetu kwa misafara ya biashara na kwa utawala wa kigeni, na hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini aangalie mkoba wake. "Igitabu" kimetoka katika kitabu, "ikaramu" katika kalamu, na "ishure" katika shule, ambalo Kiswahili nacho kililitoa katika Kijerumani. Tena Kirundi hakikuyapokea maneno hayo kikiwa kimekunja mikono. Sauti ya l imegeuzwa kuwa r, na ki- ya kitabu imekuwa gi- mbele ya t, sawasawa na ilivyo katika "igiti". Neno likishatii sheria za nyumba, si mgeni tena.

Na mwanafunzi wa Muyinga? Yeye tunamwambia kwamba dharau inayobebwa wakati mwingine na neno "Mswahili" mitaani kwetu haina mashiko katika historia. Lugha anayoitumia sokoni ilikuwamo katika kamusi ya nchi hii zaidi ya miaka 100 kabla Burundi haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Asione haya kuja nayo darasani.

Van der Burgt alikiacha Kiswahili kama dokezo la pembeni. Sisi walimu tunaweza kufanya zaidi ya hapo. Tunawaomba wenzetu wawape wanafunzi zoezi moja muhula huu: wa Gitega na wa Muyinga wakusanye kila mmoja maneno 20 ya Kirundi yenye asili ya Kiswahili, waandike yalivyobadilika sauti na maana, kisha wabadilishane orodha. Safari hii Kirundi kitangulie, na Kiswahili kikieleze.